Chuma cha Zizi la Ndama

Kashinje mwanangu,

Mguu wako wa kushoto niliupoteza mimi, msimu wa kupanda pamba, ulipokuwa hujatimiza miaka miwili. Haukupotezwa na Mungu, wala mizimu ya ukoo wa mama yako kama baba zako wadogo walivyosema, wala nesi, wala ubovu wa barabara. Ulikuwa umeshanyooka. Niliuona umenyooka kwa macho yangu, kisha nikaurudisha ulikotoka. Naanza na hilo ili usisome kurasa zote hizi ukijiuliza naelekea wapi.

Mambo ya sabuni, chandarua na kufunga mlango kwa ndani mama yako ameshakuambia, na kwa jinsi ninavyomfahamu atakuambia tena mpaka basi linawasha injini. Hayo namwachia. Sanduku lako liko mlangoni, limefungwa, na tiketi hatujakata, kwa sababu mpaka sasa hatujui unapanda basi gani. Kesho asubuhi pale stendi kuna mabasi mawili yanayokuhusu. Moja linapita Lamadi kwenda Mwanza, ambako daktari amekuwekea kitanda cha upasuaji. Lingine linapita Maswa na Shinyanga kwenda Dar, nawe ungeshuka Morogoro, kwenye chuo cha upimaji ardhi. Nimekuuliza mara tatu wiki hii unataka lipi. Mara tatu umenijibu, "Baba unajua." Sasa nataka ujue baba alijua nini huko nyuma, halafu uone kama jibu hilo linafaa.

Wewe umenikuta nina nyumba ya matofali na watu wananiita mzee. Hukuniona nikiswaga ng'ombe wa watu kutoka Mwamapalala hadi mnada wa Nkololo, peku, nikilipwa kwa kila ng'ombe aliyefika mzima. Aliyefia njiani alikatwa kwenye ujira wangu. Sikuwa na shamba la urithi. Baba zako wadogo walipata, mimi niliambiwa nisubiri, na bado nasubiri. Nilichokuwa nacho ni miguu, basi nikaitumia.

Mtaji wangu wa kwanza ulikuwa ng'ombe wanaochechemea. Jioni mnada ukifungwa, mtu mwenye ng'ombe anayechechemea hana raha. Hajauzwa, na kurudi naye nyumbani ni safari ya usiku mzima. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilijifunza kuinua kwato na kutazama. Kama ni mwiba au jiwe lililokwama katikati, namchukua kwa bei ya chini, natoa mwiba, namlisha mwezi mmoja, narudi naye mnadani anatembea kama bwana harusi. Kama ni mfupa, namwacha. Katika kila kumi niliowanunua, wanane walipona. Nyumba unayoondoka kesho imejengwa na wanane hao. Nakueleza hili kwa sababu ndiyo akili niliyokupokea nayo.

Ulizaliwa ukitanguliza miguu, na kwetu mtoto wa namna hiyo jina la Kashinje linamsubiri tayari. Mkunga aliponiita ndani nilianza kutazama chini, maana jicho langu limezoea kuanzia chini. Nyayo zako zilikuwa zinatazamana, zimekunjwa kwa ndani, visigino vimepanda juu. Uso wako niliutazama baadaye. Nikakadiria kama ninavyokadiria siku zote, na nikasema moyoni, huu ni mfupa.

Mama yako hakukadiria. Alikufunika, akaniambia, "Baba Kashinje, mtoto ana njaa, nenda kaniletee maji."

Habari ilifika mnadani kabla yangu. Unamjua Mzee Sayi, yule dalali anayepita hapa na kuomba maziwa. Enzi hizo alikuwa na sauti ya kusikika mnada mzima. Aliniona naingia, akasema, "Jamani mpisheni Baba Kashinje. Amezoea kununua vilema kwa bei ya kutupa, safari hii kaletewa mmoja bure." Watu walicheka. Nami nilicheka, Kashinje. Ungekuwepo ungesikia nacheka kuliko wao. Nilidhani nikiwazidi kucheka wataishiwa. Hawakuishiwa. Walichukulia nimewapa ruhusa, na ruhusa hiyo walitembea nayo miaka. Nimefikiria sana siku ile, na sioni kama kupigana kungesaidia. Kunyamaza kungetosha.

Kliniki ya watoto nesi mmoja alikuona, akamwambia mama yako, "Mayu, huu unaitwa mguu kifundo. Unanyooshwa. Mwanza wananyoosha, lakini uende sasa, mtoto bado mlaini." Wakati ule hapa kwetu hapakuwa mkoa, tulikuwa wilaya tu ya mkoa wa Shinyanga, na barabara ya Lamadi ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Mama yako alikwenda mara sita, kila wiki mara moja, wewe mgongoni. Kila safari walikuwa wanatoa plasta ya zamani, ile watu wanaita hogo, wanausogeza mguu kidogo kwa mikono, wanafunga plasta mpya. Anarudi usiku ananuka vumbi na maziwa yaliyoganda. Safari ya tano walikata kidogo mshipa wa nyuma ya kisigino, wakafunga tena, na ya sita, wiki tatu baadaye, ilikuwa ya kutoa plasta. Mimi sikwenda hata mara moja. Nilikuwa nasema mnada haungoji. Ukweli ni kwamba sikutaka kukaa kwenye benchi na watu wenye watoto kama wangu, tukatazamana.

Plasta zilipotoka, nyayo zilikuwa zinatazama mbele. Zote mbili. Nilikulaza kwenye mkeka, nikatazama kwa muda mrefu, nikaona nilikosea. Haukuwa mfupa. Hapo ningeweza kwenda kumwambia Sayi. Sikumwambia.

Walimpa mama yako viatu viwili vidogo vilivyounganishwa na kipande cha chuma. Miezi ya mwanzo ulivaa usiku na mchana, baadaye usiku tu. Akaambiwa, usiku mpaka atimize miaka minne, usiache hata akilia, kwa sababu mguu huu una kumbukumbu, ukiachwa unarudi. Mama yako aliniambia neno kwa neno. Anaweza kurudia maneno ya mtu kama redio.

Ulilia sana na kile chuma. Ulikuwa unapiga ukuta kwa miguu yote miwili kwa pamoja, ngo, ngo, ngo, na mimi naamka saa tisa kwenda mnadani. Nikawa nawaza mambo mawili. La kwanza ni la maksai. Ndama dume ukimfunga nira mara ya kwanza analala chini, anagoma, unaweza kudhani atakufa. Msimu wa pili unamwonyesha nira tu, anainamisha shingo mwenyewe. Ameshajua. Nikasema mguu nao umeshajua. La pili ni la mnadani. Huko hakuna anayetaja bei anayoitaka kweli. Anayetaka minne anataja sita. Nikamwambia mama yako, "Hawa wanasema miaka minne ili wapate miwili."

Akasema, "Baba Kashinje, hii siyo bei."

Nikamwambia, "Kila kitu kina bei."

Bado nilisita. Chuma kiliendelea mpaka siku Sayi alipokuja nyumbani kwa shughuli ya mitamba. Tulikuwa tumekaa uani, giza linaingia, wewe umelala kwenye mkeka na chuma chako. Akakuinamia, akatazama, akanyanyuka. "Mmh. Umemfunga miguu kama ng'ombe wa wizi. Unaogopa atatoroka?" Hakucheka hata. Alisema kama mtu anayeuliza bei ya chumvi. Kwetu ng'ombe wa wizi ndiye anayefungwa miguu usiku ili asirudi kwa mwenyewe, na mimi mwanangu kwa macho ya mgeni alikuwa mali isiyo yangu iliyofungwa nisije nikaipoteza.

Usiku ule nilikuvua viatu. Mama yako alisimama mlangoni, akasema, "Mvalishe." Nikasema, "Nimeshasema." Hilo lilitosha, kwa sababu katika nyumba hii neno hilo nilikuwa nimelifanya sheria. Ulilala usingizi mzito mpaka asubuhi, na mimi nililala pia, na nilipoamka nilijiona nina akili kuliko Mwanza nzima.

Viatu alipewa mbwa achezee, au vilipotea, sikumbuki. Chuma nilikifungua. Kilikuwa kizuri, kifupi, kigumu, kina matundu pande zote mbili. Zizi la ndama halikuwa na komeo. Nikakipigilia pale.

Ndiyo hicho. Umekifungua kila asubuhi tangu ulipofika urefu wa kukifikia. Ukiwa darasa la nne uliniuliza matundu yale ni ya nini, nikakujibu kilikuwa cha baiskeli. Ulinitazama, ukasema baiskeli gani ina kitu kama hiki, nikakuambia nenda ukakamue. Mama yako alikuwa pale pale na ndoo. Kwa mwezi mzima baada ya hapo hakunisemesha.

Mguu haukurudi siku moja. Ungerudi siku moja ningeshtuka. Ulirudi polepole, kama mtu anayehama bila kuaga. Mvua zilipokolea tukawa tunapalilia pamba, wewe unatembea tembea pembeni ya shamba, na unajua udongo mweusi wa mbuga ukilowa unashika kila kitu. Mama yako akaniita. "Njoo uone." Akanionyesha nyayo zako kwenye tope. Wa kulia ulikuwa umekanyaga wote, kisigino, unyayo, vidole vitano. Wa kushoto ulikuwa umeacha ukingo wa nje peke yake.

Nikasema, "Ni utelezi."

Akasema, "Utelezi unachagua mguu?"

Sasa nisikilize hapa vizuri. Kuvua chuma lilikuwa kosa la mtu asiyejua. Nimejisamehe kiasi, sijamaliza, ila kiasi. Lililofuata ni kosa la mtu anayejua. Tungerudi Mwanza wiki ile ile wangefunga plasta tena, labda tatu, labda nne, na leo ningekuwa sikuandikii kitu isipokuwa kukuambia uwe na bidii. Sikutaka turudi. Nesi wa huko angemuuliza mama yako nani alivua, na mama yako asingedanganya. Nikasema tungoje mavuno. Mavuno yakaja, nikasema tungoje pamba iuzwe. Ikauzwa, nikasema tungoje nimalize banda. Mama yako alipouza karanga zake akakupeleka Mwanza bila kuniambia, ulikuwa na miaka mitano. Nesi aliyekufunga plasta za mwanzo alikuwa amehamishwa. Waliokuwepo walimwambia plasta peke yake haitoshi tena, inahitajika operesheni, na ya operesheni arudi mwezi wa kumi. Akarudi nyumbani, akaweka kitenge juu ya kamba, akaniambia, "Sasa umepata bei yako."

Hatukurudi mwezi wa kumi. Hilo lilikuwa letu wote wawili, yeye alichoka na mimi nilifurahi kwamba amechoka.

Sikuelezi haya ili unihurumie. Nimeishi vizuri. Nimekula, nimelala, nimeongeza ng'ombe. Unaweza kumkosea mtu kiasi hicho na bado ukala vizuri, na hakuna aliyeniambia hilo nilipokuwa kijana. Nilidhani kosa kubwa linajitangaza, linakunyima usingizi. Halifanyi hivyo. Linakaa mlangoni pa zizi, unalishika kila asubuhi.

Ulipoanza shule mwalimu mkuu aliniita akasema amekutoa kwenye mchakamchaka, ukae kivulini na daftari wakati wenzako wanakimbia. Nilimshukuru. Nilimletea na maziwa. Baada ya mwezi nikawa napitisha ng'ombe barabara ya shuleni asubuhi, na vijana wangu watatu nyuma, nikasikia nyimbo za mchakamchaka, nikaona mstari unakuja, na mwisho kabisa wa mstari, nyuma ya wote, wewe. Ulikuwa unaruka na mguu wa kulia na kuutupa wa kushoto kwa pembeni, mdomo wazi, unaimba. Nilichokifanya ni hiki. Niligeuza ng'ombe wakapita njia ya mtoni, mbali, ili vijana wasikuone. Walilalamika, wakasema njia ile ina matope. Nikawaambia ina majani mazuri.

Jioni mama yako alikuuliza nani alikuruhusu kukimbia. Ukasema, "Hakuna aliyenikataza. Walisema naweza kukaa, hawakusema lazima." Na yule mvulana wa jirani alipokuita kiguru mbele ya kisima ulimjibu kitu ambacho bado wanakirudia. "Wewe una miguu miwili mizuri na bado umekuwa wa arobaini na moja. Mimi na mmoja na nusu nimekuwa wa tatu." Mimi nilikuwa kwenye kisima upande wa pili nikinywesha. Nilitaka kucheka, nikakumbuka nilivyocheka mnadani, nikainamia maji.

Viatu vyako unavijua mwenyewe. Kulia thelathini na tisa, kushoto thelathini na sita. Mtu anayeuza viatu hajali hilo, anauza jozi. Kwa hiyo kila mwaka tulinunua jozi mbili ili upate moja, na mama yako anakusanya vile vilivyobaki kwenye gunia, kulia thelathini na sita, kushoto thelathini na tisa. Nilimwambia avitupe. Akasema kuna siku atazaliwa mtu wa kuvivaa. Gunia liko darini. Nilipanda juzi kutafuta kamba ya sanduku lako nikaliona, likanipa hasira, sikujua hasira ya nani.

Sasa la mwezi uliopita. Barua ya chuo ilipokuja ulisoma kwa sauti, nami nikashika neno moja tu, kupima ardhi. Nikauliza kazi yenyewe ikoje, ukasema unatembea na vifaa, mashamba, milima, kutoka mpaka hadi mpaka. Nikaona miguu yako. Umechagua kazi ya kutembea, wewe, kati ya kazi zote. Sikukuuliza kwa nini. Nikaenda kutafuta dawa.

Nilikuambia tunakwenda Mwanza kununua vitu vya chuo. Ulivaa gauni zuri. Tulipoingia geti la hospitali uligeuka ukanitazama, na sikukutazama. Hilo nalo niliweke hapa, kwa sababu ni lile lile. Nilikupeleka kama ninavyopeleka ndama kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa kijana, pengine sawa na umri wangu nilipokupata. Akakuuliza, "Mguu unakuuma?"

Nikajibu, "Hapana, amezoea."

Akasema taratibu tu, bila ubaya, "Mzee, nimemuuliza mwenye mguu."

Ukasema, "Unauma kwenye mteremko. Na asubuhi. Na nikisimama foleni."

Miaka yote hiyo sikujua. Siyo kwamba ulificha. Kila mtu alipouliza, nilijibu mimi kabla yako.

Akaniambia nishike kisigino chako wakati anapima. Nimeinua kwato za ng'ombe maelfu, Kashinje, siwezi kuhesabu na mimi ni mtu wa kuhesabu. Mguu wako nilikuwa sijaushika tangu siku nilipovua chuma. Ulikuwa na joto. Ukingoni mwa nje, pale unapokanyagia, kuna sugu ngumu, pana, imepasuka katikati. Nina sugu kama hiyo kiganjani, ya kamba za ng'ombe. Nilikuwa sijui kwamba unayo. Daktari akasema, "Mzee unaweza kuachia sasa," nikagundua alishamaliza kupima.

Alieleza vizuri na sitaki niongeze wala nipunguze, maana tulishaona ninavyopunguza. Alisema mguu utakaa chini bapa. Hautakuwa kama wa kulia. Utakuwa mgumu kifundoni, hautakunja vizuri, utakuwa mfupi kidogo kama sasa. Maumivu ya mteremko anatarajia yapungue, haahidi. Miezi kadhaa ya plasta na magongo, halafu mazoezi. Chuo hawawezi kukungoja, labda wakubali uahirishe mwaka, na hilo nalo hawajaahidi. Madaktari wageni wanaosaidia operesheni kama hiyo wangekuja wiki hii tuliyomo. Mwaka mwingine huenda wakaja, huenda wasije. Kisha akakugeukia, "Unataka?"

Ukasema, "Baba anajua."

Daktari alinitazama mimi. Alikuwa anangoja nijibu, na jibu nilikuwa nalo mdomoni, lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikasema tutampigia. Amesema anangoja mpaka kesho saa mbili asubuhi, baada ya hapo kitanda anampa mtoto mwingine aliye kwenye orodha. Hana ubaya, ndivyo ilivyo.

Nataka uelewe kilichokuwa mdomoni mwangu. Kilikuwa ndiyo. Nilitaka mguu ule upasuliwe, unyooshwe, ufungwe, na siku plasta inatoka niwepo, nikulaze kwenye mkeka nitazame kama nilivyotazama mara ya kwanza. Halafu usiku, kwenye basi la kurudi, wewe umeegemea dirisha, nikajiuliza operesheni hiyo ni ya nani. Nikaona sehemu kubwa ni yangu. Wewe ungekaa na magongo mwaka mzima ili mimi nisilione tena lile komeo.

Inawezekana nawe unaitaka. Asubuhi unauma, mteremko unauma, foleni inauma, na huko uendako mteremko ni kazi yenyewe. Hilo ni la kweli na silipuuzi. Inawezekana huitaki, umeshazoeana na mguu wako, unajua unachoweza nao, na hutaki mtu mwenye kisu aanze upya. Hilo nalo ni la kweli. Vyote viwili naviona, ila siwezi kuona kipi kina uzito kwako. Nimezoea kukisia uzito wa ng'ombe kwa macho nisikosee zaidi ya kilo kumi. Hapa nimetazama mwezi mzima na sina namba.

Nilimuuliza mama yako jioni hii, alipokuwa anakunja kitenge chako cha kujifunika kwenye basi. Nikasema, "Mama Kashinje, wewe ungemwambia nini?" Hakugeuka. Akasema, "Mimi ule mguu niliubeba mara sita. Sina deni nao. Muulize mwenyewe, halafu ukae kimya mpaka ajibu. Hilo la pili ndilo gumu kwako."

Basi nimeuliza, na nitakaa kimya.

Sitakuambia uwasamehe watu wala ujipende wala maneno yanayobandikwa kwenye kuta za ofisi. Huko uendako, kokote utakakokwenda kati ya miji hiyo miwili, kutakuwa na mtu mwenye upendo na haraka kama mimi, atakayejibu kabla yako. Wengine watakuwa wakubwa wa kazi, mmoja anaweza kuwa mume. Atasema amezoea, haimuumi, anapenda hivyo. Hatakuwa mtu mbaya. Ulimwachia baba yako kazi hiyo miaka kumi na tisa kwa heshima, na mimi heshima hiyo niliipenda, iliniweka mkubwa. Ningependa uniheshimu kwa namna nyingine kuanzia kesho.

Chuma nimekitoa. Zizi la ndama nimefunga kwa kamba, kwa hiyo wakitoka usiku wakanyonya maziwa yote usishangae chai ikiwa kavu. Kiko juu ya sanduku lako, nimekifuta kutu kwa majivu. Sikupi kama kumbukumbu, mimi si mtu wa mambo hayo. Ni mali yako iliyokaa kwangu. Kibebe, kitupe, kirudishe mlangoni, ni wewe.

Ukisema Mwanza, nitapanda nawe, na nitakaa kwenye benchi na wale wazazi wengine mpaka mwisho. Minada itaendelea bila mimi. Ukisema Morogoro, nitakupakilia sanduku, nitampigia daktari ampe kitanda mtoto mwingine, na sitalitaja tena jambo hili mpaka ulitaje wewe. Hakuna jibu litakalonifanya ninune. Nikinuna, mama yako ana ruhusa ya kunisomea barua hii mbele ya Sayi.

Saa kumi na moja alfajiri nitakuwa zizini nakamua. Tiketi zinakatwa kuanzia saa kumi na moja na nusu. Njoo kabla ya hapo, hata kama hujanawa uso, uniambie neno moja, jina la mji. Usilete lile la kwamba baba unajua. Sijui, Kashinje. Mwanza au Morogoro?

Baba yako